Sauti [r] na [l] Segerea: Dhana za Foni, Fonimu na Alofoni kwa Wanaoanza Isimu

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana za msingi za fonetiki na fonolojia kwa mwanafunzi anayeanza kusoma isimu ya Kiswahili. Badala ya kuzieleza dhana hizo moja baada ya nyingine kama zinavyopangwa katika vitabu vya kiada, makala inalifuatilia tatizo moja linalofahamika sana Dar es Salaam, yaani kupishana kwa sauti [r] na [l] katika matamshi na maandishi. Tatizo hilo linatazamwa kutokea Segerea, kata ya Wilaya ya Ilala yenye wakazi waliotoka katika jamiilugha nyingi. Hoja inayojengwa ni kwamba kosa linaloonekana kuwa moja katika daftari la mwanafunzi huweza kuwa na asili tatu tofauti: ya kifonetiki, ya kifonolojia na ya kimsamiati. Anayesahihisha bila kuzitenganisha asili hizo humwadhibu mwanafunzi bila kumfundisha.

1.0 Utangulizi

Katika vituo vya daladala, jina la Segerea husikika kwa namna mbili. Wapo wanaosema Segerea na wapo wanaosema Segelea, na hakuna abiria anayepotea kwa sababu hiyo. Kubadilika kwa sauti moja ya katikati hakuzai jina la mahali pengine; konda na abiria huelewana, na gari huendelea na safari yake ya Tabata. Hali ni tofauti ndani ya darasa la shule ya msingi. Mwanafunzi aliyesomewa neno karamu akaandika kalamu amekosa, kwa kuwa ameandika neno jingine kabisa. Vivyo hivyo, katika msimu wa uchaguzi (Segerea ni jina la jimbo pia), mtu anayehimiza watu waende "kupiga kula" huelewekwa, lakini pia huchekwa.

Kicheko hicho ndicho kinacholifanya suala hili listahili kuangaliwa kwa makini. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba msemaji ana ulimi mzito, au hajui Kiswahili, au ametoka bara na kabila lake halina herufi fulani. Maelezo ya kwanza yana kosa la wazi: ulimi wa mtu anayesema kula badala ya kura si mzito kuliko wa mtu mwingine yeyote. Maelezo ya tatu yanaukaribia ukweli, ila yanachanganya herufi na sauti, na yanachanganya sauti inayotamkwa na sauti inayotambuliwa. Kuyatenganisha mambo hayo ndiyo kazi ya mwanzo ya fonetiki na fonolojia.

2.0 Sauti kama inavyotamkwa

Fonetiki huchunguza sauti za lugha kama matukio ya kimaumbile: zinavyotamkwa, zinavyosafiri hewani na zinavyopokewa na sikio. Tawi linalomfaa zaidi anayeanza ni fonetiki matamshi, kwa sababu maabara yake ni kinywa cha msomaji mwenyewe. Sauti yoyote inayoweza kutamkwa na kusikika huitwa foni, bila kujali ina kazi gani katika lugha.

Ili kuieleza konsonanti, mambo matatu huulizwa. La kwanza ni hali ya nyuzi za sauti. Kiganja kikiwekwa kooni wakati [z] inatamkwa kwa kurefushwa, mtetemo huhisiwa. Katika [s] mtetemo huo haupo. Sauti yenye mtetemo ni ghuna, isiyo nao ni sighuna, na tofauti hiyo peke yake ndiyo inayozitenga bata na pata, au doa na toa. La pili ni mahali pa kutamkia. Majina ya kata zinazoizunguka Segerea yanatosha kuwa kitabu cha mazoezi. Katika Kipawa midomo hukutana kuitamka [p]. Katika Tabata ncha ya ulimi huenda kwenye ufizi mara mbili. Katika Kimanga sehemu ya nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini. Na katika Kinyerezi bapa la ulimi hugusa kaakaa gumu ili kuitoa nazali inayoandikwa ny. Herufi hapo ni mbili lakini sauti ni moja. La tatu ni namna mkondohewa unavyozuiwa: hufungwa kabisa kisha huachiliwa ghafla katika vipasuo, hubanwa ukapita kwa mkwaruzo katika vikwamizo, huelekezwa puani katika nazali.

Kwa kuwa tahajia za lugha hutofautiana, wanafonetiki hutumia alfabeti ya kimataifa ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886. Kanuni yake ni kwamba alama moja isimamie sauti moja. Foni huandikwa ndani ya mabano mraba, kama [r]. Fonimu, ambayo itaelezwa hivi punde, huandikwa kati ya mistari mishazari, kama /r/. Anayeanza huziona alama hizo kuwa mapambo. Si mapambo: [r] ni dai kuhusu kinywa, na /r/ ni dai kuhusu mfumo wa lugha.

Kwa vigezo hivyo vitatu, [r] na [l] zinakaribiana mno. Zote ni ghuna na zote hutamkiwa kwenye ufizi. Kinachozitenga ni namna tu. Katika [l], ambayo ni kitambaza, ncha ya ulimi hutulia kwenye ufizi na hewa hupita kandokando ya ulimi bila kukatika. Katika [r], ambayo ni kimadende, ncha ya ulimi huupigapiga ufizi kwa haraka. Katika mazungumzo ya kawaida pigo hilo mara nyingi huwa moja tu. Tofauti yote kati ya karamu na kalamu imebebwa na muda mfupi sana wa ncha ya ulimi kutulia au kupiga.

Zaidi ya hayo, kati ya sauti hizo mbili ipo ya tatu. Ulimi unaweza kuupiga ufizi mara moja kwa haraka, kama katika [r], huku hewa ikipita kandokando, kama katika [l]. Alama yake ni [ɺ], na hupatikana katika lugha kadhaa za Kibantu, na hata katika Kijapani. Msikilizaji aliyezoea kutenga /r/ na /l/ akiisikia sauti hiyo, huisikia mara kama r, mara kama l. Kwa hiyo yapo mazingira ambamo msemaji anayelaumiwa kwa "kubadilishabadilisha" ametamka sauti ileile kila mara, na kinachobadilika ni hukumu ya sikio la anayemsikiliza.

3.0 Sauti kama inavyotambuliwa

Fonolojia huanza pale swali linapobadilika. Haiulizi sauti hii hutamkwaje, bali huuliza sauti hii inafanya kazi gani katika lugha hii. Sauti mbili zikiweza kubadilishana nafasi ileile na kuleta maneno mawili yenye maana tofauti, basi katika lugha hiyo ni fonimu mbili. Maneno ya aina hiyo, yanayotofautiana kwa sauti moja tu katika nafasi moja, huitwa jozi mlinganuo finyu. Kiswahili sanifu kinazo jozi nyingi za /r/ na /l/: kura na kula, karamu na kalamu, mahari na mahali, fahari na fahali, hari na hali, mbari na mbali. Jozi moja ingetosha kuthibitisha kwamba /r/ na /l/ ni fonimu mbili za Kiswahili sanifu.

Kigezo hicho hakihamishiki kutoka lugha moja hadi nyingine. Katika Kiganda, [r] na [l] zote hutamkwa, lakini [r] hutokea baada ya irabu i na e, na [l] hutokea kwingineko. Neno lenye maana ya kazi ni omulimu katika umoja na emirimu katika wingi. Mzizi ni uleule. Kilichobadilika ni irabu iliyotangulia, na sauti ikaifuata. Kwa kuwa mazingira ya moja si mazingira ya nyingine, haiwezekani kupata jozi inayotenganishwa na sauti hizo peke yake. Sauti mbili zenye uhusiano huo wa kutoana, ambapo palipo na moja nyingine haipo, ni alofoni za fonimu moja. Mganda hutamka [r] na [l] kila siku bila taabu, na bado kwake hizo ni sura mbili za kitu kimoja. Mfano huu unavunja dhana ya ulimi mzito moja kwa moja: uwezo wa kutamka upo, kinachokosekana ni sababu ya kutenga.

Lugha nyingine zina sauti moja tu kati ya hizo. Kisukuma kina [l] na hakina [r] katika maneno yake ya asili. Kikurya kina [r] bila [l], na ndivyo kilivyo Kikuyu cha Kenya. Nikolai Trubetzkoy, katika kitabu chake kikuu cha fonolojia kilichotoka mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliufananisha mfumo wa sauti wa lugha na chekeche ambalo kila kinachosemwa hupitishwa. Msikilizaji huipitisha lugha ya kigeni katika chekeche la lugha yake, na kilichosikika hupangwa katika matundu yaliyopo. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ina tundu moja mahali ambapo Kiswahili sanifu kina mawili, huzisikia kura na kula kama neno moja lenye maana mbili, jambo ambalo si geni kwa Kiswahili chenyewe, chenye paa la nyumba na paa wa porini.

Hapa jina la Segerea linapata maelezo yake. Segerea na Segelea hazitofautiani kimaana. Kwa konda mmoja anayetamka leo hivi na kesho vile, sauti hizo ziko katika mpishano huru ndani ya neno hilo. Hata hivyo, mpishano huru katika neno moja hauziondolei sauti hadhi ya fonimu katika lugha nzima, na wanafunzi wengi hujikwaa hapa. Jozi moja huthibitisha utengano. Neno moja lisilotenganishwa halithibitishi kwamba utengano haupo.

4.0 Ushahidi kutoka ndani ya Kiswahili

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba ukaribu wa r na l ni jambo la lugha za bara linaloingizwa katika Kiswahili kutoka nje. Sarufi ya Kiswahili yenyewe inakataa. Mojawapo ya kata za jimbo la Segerea ni Minazi Mirefu. Kivumishi -refu hubaki na r katika mnazi mrefu, minazi mirefu na majani marefu, lakini katika ngeli ya N hugeuka: njia ndefu, nguzo ndefu. Kanuni ni kwamba /r/ hugeuka [d] ikitanguliwa na nazali ya ngeli hiyo. Kanuni hiyohiyo huigusa /l/: ulimi mmoja, ndimi nyingi. Kwa hiyo, baada ya nazali hiyo, /r/ na /l/ huishia mahali pamoja. Anayesema mirefu na anayesema milefu hutofautiana. Wakifika kwenye njia, wote wawili husema ndefu.

Historia nayo inasema jambo. Kauli ya kutendea hujengwa kwa kuongeza -i- au -e-: pika huwa pikia, soma huwa somea. Lakini chukua huwa chukulia, ondoa huwa ondolea, kaa huwa kalia, zaa huwa zalia. Sauti l katika maneno hayo haikuongezwa. Ni konsonanti ya kale ya Kibantu iliyodondoshwa mwishoni mwa mzizi na kusalia pale ilipokingwa na kiambishi. Kulinganisha kunaiweka wazi: Kiswahili husema zaa, Kiganda zaala, Kikuyu ciara. Konsonanti moja ya kale imekuwa l huku, r kule, na katika Kiswahili imetoweka.

Jozi zilizotajwa katika sehemu ya 3.0 nazo zikichunguzwa zinaonyesha asili yake. Kura, kalamu, karamu, mahari, mahali, fahari, fahali, hari na hali zote zimetokana na Kiarabu, lugha inayotenga r na l bila utata. Kiswahili kina r katika maneno ya Kibantu pia, kama -refu na mbari, lakini mzigo mkubwa wa kutenganisha maana kwa sauti hizi umebebwa na maneno yaliyoingia kupitia mwambao. Kiunguja, kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ni lahaja ya mwambao huo. Matarajio kwamba kila msemaji wa bara atazitenga sauti hizi bila kufundishwa yanapuuza kwamba utengano wenyewe una historia na jiografia yake.

5.0 Daftari la imla

Sentensi ya imla inaweza kuwa hii: Rafiki yangu alileta kalamu mpya karamuni. Wanafunzi watatu wa mfano wanaisikia.

Wa kwanza anaandika: lafiki yangu alileta kalamu mpya kalamuni. Kila penye r ameweka l, bila kuyumba. Huyu ana dalili za tundu moja katika chekeche. Uthibitisho ni rahisi kuupata na hauhitaji kifaa: huchorewa picha ya kalamu na ya watu walioketi kula karamu, kisha neno moja hutamkwa na yeye huonyesha picha. Akikisia, tatizo lake ni la kifonolojia. Kumwambia arudie kutamka "rrr" mara kumi hakumsaidii, kwa kuwa hajui ni wapi aiweke sauti anayoifanyia mazoezi. Anachohitaji kwanza ni kusikia jozi, tena na tena, zikiwa na maana zake.

Wa pili anaandika sentensi yote kwa usahihi, lakini akisimama kuisoma husema lafiki na kalamuni. Maandishi yake ni ushahidi kwamba fonimu mbili anazo. Tatizo ni la kifonetiki: ncha ya ulimi haijazoea kupiga. Huyu ndiye pekee anayefaidika na mazoezi ya ulimi, na ndiye pekee ambaye hapaswi kupunguziwa alama yoyote katika mtihani wa maandishi.

Wa tatu anaandika: rafiki yangu arireta karamu mpya kalamuni. Kwa haraka huyu huonekana mzembe kuliko wote. Kwa kweli huenda ameshavuka hatua ambayo wa kwanza hajaifikia. Anajua kwamba sauti ni mbili, ameshasahihishwa mara nyingi kwa kuweka l mahali pa r, na sasa anaweka r hata mahali isipohusika. Wanaisimu huliita jambo hilo usahihishaji kupita kiasi. Kinachomkosesha si kusikia wala kutamka. Ni kujua neno gani lina sauti gani, na hilo ni suala la msamiati. Dawa yake ni kusoma sana, na kamusi.

Yuko pia wa nne, naye hakai kwenye dawati. Imla inayosomwa na mwalimu asiyetenga /r/ na /l/ haipimi sikio la mwanafunzi hata kidogo. Inapima kumbukumbu yake ya tahajia. Mwanafunzi anayeandika kwa uaminifu kile alichokisikia atakosa, na asiyesikiliza bali kukumbuka atapata. Walimu nao wametoka katika jamiilugha zilezile walizotoka wazazi wa wanafunzi, na hakuna aibu katika hilo, isipokuwa pale mtihani unapojifanya kupima kitu usichokipima.

Ugumu mmoja zaidi unastahili kutajwa, kwa kuwa maelezo ya vitabu vingi huishia kwenye athari za lugha mama. Watoto wengi wa Segerea hawana lugha ya kwanza nyingine zaidi ya Kiswahili. Wazazi walihamia Dar es Salaam kutoka Mwanza, Mara au Kilimanjaro. Watoto wamezaliwa hapa, na Kisukuma au Kikurya wanakisikia katika simu za bibi. Mtoto wa namna hiyo akisema kula kwa maana ya kura, hakuna lugha mama inayomwathiri, kwani Kiswahili ndiyo lugha mama. Amejifunza kwa usahihi Kiswahili alichozungukwa nacho, ambamo r na l hupishana kutoka msemaji hadi msemaji. Inawezekana kabisa kwamba kwa baadhi ya wasemaji hao fonimu mbili zinaungana, kama ambavyo sauti zimeungana katika lugha nyingi duniani. Kulieleza hilo kama kasoro ya mtoto ni kukosea mahali pa kutazama.

6.0 Tofauti zinazoandikwa na zisizoandikwa

Suala la r na l lina ndugu zake. Sauti /ð/ na /θ/, zinazoandikwa dh na th, ziliingia pamoja na maneno ya Kiarabu, na wasemaji wengi wa bara hutamka [z] na [s] mahali pake. Jozi zipo: kudhuru na kuzuru, thamani na samani. Kiongozi aliyezuru kata anaweza kutangazwa kuwa ameidhuru, na fundi seremala anayesifia samani zake kuwa za thamani anaweza kusikika akisema ni samani za samani. Hukumu ni ileile: kosa la tahajia, alama imekatwa.

Lakini ipo tofauti nyingine ambayo haimkoseshi mtu alama kamwe. Katika Kimvita na lahaja nyingine za mwambao, paa la nyumba hutamkwa kwa [p] ya kawaida, na paa wa porini hutamkwa kwa [pʰ], yaani kipasuo kinachofuatwa na mpumuo. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Mpumuo huo ni mabaki ya nazali ya ngeli ya N iliyodondoka. Kwa wasemaji hao /p/ na /pʰ/ ni fonimu mbili kwa kipimo kilekile kinachozifanya /r/ na /l/ kuwa mbili. Vilevile mbuni anayekimbia nyikani huanza na mb inayotamkwa kwa pamoja, na neno lina silabi mbili. Mbuni wa kahawa huanza na m iliyo silabi peke yake, na neno lina silabi tatu.

Wasemaji wengi wa Segerea hawautamki mpumuo wa paa wala hawausikii, na miongoni mwao wamo walimu, watangazaji na wahariri. Hakuna anayewacheka, na hakuna daftari lililowahi kuwekewa alama ya mkasi kwa sababu hiyo. Kamati iliyosimamia usanifishaji kuanzia mwaka 1930 iliacha tahajia isiyo na alama ya mpumuo, hivyo paa na paa huandikwa sawa.